Mti Uliotiwa Alama

Tangu mwaka wa hamsini na tano Jerop alikuwa akiomba apelekwe msituni, na kila mara mwanawe Kiplangat alimwambia asubiri kiangazi. Miaka mitatu ikapita hivyo. Jumapili moja ya Januari, Kiplangat akamkuta mama yake ameketi mlangoni, kitambaa kichwani, fimbo mkononi.

"Magoti haya hayatafika kiangazi kingine," alisema. "Leo utanipeleka nikauone ule mti."

Wakashika njia ya msitu wa Mau kungali na umande. Kiplangat aliipita njia hiyo kila siku ya kazi. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimempa shoka dogo na nyundo yenye herufi. Kazi yake ilikuwa kuchagua mtarakwa mnyoofu, kuubandua gome kidogo, kisha kuugonga alama. Wakata miti walimfuata nyuma.

Siku hiyo alikwenda kwa mwendo wa mama yake, akaona mambo ambayo haraka ilikuwa imemnyima. Mitarakwa ilisimama pande zote, mashina mekundu yenye mifereji, mengine manene hata ng'ombe mzima angejificha nyuma yake. Huko juu mimea ya kijivu kama ndevu ilining'inia matawini. Shingo ilichoka kabla jicho halijafika kileleni. Bila kuambiana, wote wawili wakapunguza sauti.

"Askari walitutoa huku wakati wa masika," Jerop alisema alipotua kupumzika. "Wakasema msitu ni wa serikali. Baba yako alibeba mizinga miwili ya nyuki. Mimi nilikubeba wewe tumboni. Tulipofika kwenye mti ule, mvua ikafunga njia."

"Nikazaliwa hapo."

"Ukazaliwa katikati ya mizizi yake. Baba yako akaezeka kwa magome, wala tone moja halikukugusa."

Walifika adhuhuri. Jerop aliutambua kwa jiwe jeupe lililokuwa kando yake. Kiplangat naye aliutambua. Kwenye shina, usawa wa kifua, palikuwa na jeraha jipya linalotoa utomvu, na ndani yake herufi mbili.

Jerop akapapasa alama kwa kidole. "Nani amefanya hivi?"

Angeweza kumtaja mwingine. Kiwandani walikuwako wagonga nyundo watatu.

"Ni mimi, mama. Alhamisi. Sikujua kama ndio huu."

Mama hakumtazama. Aliegemeza paji la uso kwenye gome, akakaa hivyo muda mrefu, hata Kiplangat akatamani amgombeze.

"Ungejuaje?" akasema mwishoni. "Mimi ndiye niliyechelewa kukuonyesha." Kisha akaelekeza fimbo kwenye miche iliyoota kando ya mti, upande wa mlimani, mingine haijafika goti. "Watoto wake hawa wasipondwe. Siku ya kuuangusha, uwepo."

Jumatatu Kiplangat akamwendea Micah, msimamizi wa wakata miti, akamsihi auache mti ule. Micah alimsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Nimekusikia, ndugu yangu. Lakini ukishagongwa umekwisha kuwa wa kiwanda. Sina uwezo."

"Basi niruhusu nichague upande wa kuangukia."

Micah akakubali.

Siku ya kuuangusha ilipofika, msumeno ulifanya kazi tangu asubuhi. Mti ulipoanza kulia ndani, watu wakakimbia. Kiplangat akabaki karibu kuliko ilivyoruhusiwa. Uliinama polepole, kisha kwa kishindo, na mwanga ukamwagika mahali ambapo jua halikuwahi kufika tangu Kiplangat azaliwe.

Alirudi nyumbani jioni, vumbi jekundu nyweleni. Jerop alikuwa akimenya viazi.

"Mti ulilalia upande gani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Upande wa bondeni. Haukugusa mche hata mmoja."

Kisu kikasimama kidogo, kikaendelea. Baadaye Jerop akamsogezea kiti kwa mguu.

"Keti," alisema. "Chai iko motoni."