Bastola ya Mashoto

Mwangi alikuwa amekwisha kumchagulia mkewe bastola kabla mkewe hajaiona. Aliisafisha mwenyewe, akaipaka mafuta, kisha akamwomba Salum, mtunza ghala la silaha, aiweke kando isije ikaangukia mikononi mwa mtu mwingine. Ilikuwa bastola ndogo ya michezo, nyepesi, yenye triga laini kama siagi.

"Hii ndiyo ya mama anayeanza," alimwambia Salum. Salum alikuwa mtu wa Tanga na hakupenda kubishana asubuhi. Akasema sawa, akaifungia kabatini.

Kujiamini kwa Mwangi hakukuwa kwa bure. Kabla ya kuja Doha alikuwa askari polisi kwao Kenya, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuwafundisha makuruta kulenga shabaha. Sasa alikuwa msimamizi katika uwanja wa shabaha upande wa Lusail. Kutwa alisimama nyuma ya wapigaji akiwa amevaa fulana ya rangi ya chungwa, akihakikisha hakuna mtutu unaogeukia pasipofaa. Mtu akikosa shabaha, Mwangi aliweza kukwambia kosa lilitoka kwenye kidole, kwenye pumzi au kwenye moyo.

Rael, mkewe, alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja ya mtaa wa Al Sadd. Hakuwahi kushika silaha mpaka hoteli ilipowapeleka wafanyakazi wake wa kike uwanjani pale kwa siku ya michezo. Wenzake walicheka na kuziba masikio. Yeye alipiga risasi zake kimyakimya, akaomba nyingine. Kocha wa timu ya wanawake, Mqatari mmoja mrefu aliyeitwa Hessa, alikuja akasimama nyuma yake na hakuondoka mpaka Rael alipoiweka bastola chini. Tangu siku hiyo Rael alikuwa akifanya mazoezi kila Jumamosi asubuhi kwa bastola za kuazima, leo hii, kesho ile.

Sasa mashindano ya wafanyakazi wa hoteli yalikuwa yanakaribia, na Hessa alitaka kila mchezaji achague bastola moja aizoee. Kwa kanuni za uwanja bastola haingetoka pale. Ingelala ghalani, lakini ikiwa na kibandiko cha jina lake, na mtu mwingine asingeigusa.

"Nishakuchagulia," Mwangi alimwambia wakiwa kwenye metro Jumamosi hiyo. "Tukifika ni kuishika tu."

Rael aligeuka akamtazama. "Viatu hujipimia mwenyewe, Baba Chelsea. Hata bwana nilijipimia."

"Na ulipima vizuri."

"Ndiyo nasema nijipimie na hii."

Mwangi alicheka. Hakuwa na wasiwasi. Alijua akiishika ataipenda.

Rael aliishika, na hakuipenda. Alisimama kwenye mstari, akanyoosha mkono wa kulia, akapiga risasi zake moja baada ya nyingine, kisha karatasi ya shabaha ikaletwa. Mwangi aliitazama akaguna. Matundu yalikuwa yamejipanga makundi mawili: moja karibu na katikati, lingine mbali kulia, kana kwamba watu wawili walikuwa wanapiga karatasi moja. Ilikuwa hivyo hivyo kila Jumamosi. Kila Jumamosi Mwangi alimwambia ni kidole.

"Unaivuta triga kwa pembeni, Mama Chelsea. Ibonyeze kuja nyuma, moja kwa moja."

"Kidole changu kiko sawa."

"Basi ni nini?"

"Sijui. Lakini hii bastola si yangu."

Salum akaleta nyingine, nzito kidogo, yenye mpini wa mbao. Makundi mawili. Akaleta ya tatu, ambayo Mwangi mwenyewe aliihusudu. Rael aliishika muda mrefu, shingo imepinda kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, halafu akaishusha bila kupiga hata risasi moja.

"Si yangu."

"Mtu hawezi kusema si yangu, si yangu, bila sababu," Mwangi alisema. Sauti ilianza kumpanda, akaishusha kwa sababu ya fulana aliyoivaa. "Niambie inakuumiza wapi."

"Shingo. Na kichwa. Ni kama naandika kwenye ubao nikiwa nimesimama nyuma yake."

Mwangi alitaka kumjibu, lakini maneno yale yalimkamata. Aliitazama ile shingo iliyopinda. Akakumbuka kwamba kuruta yeyote aliyepita mikononi mwake, kabla hajaguswa na bunduki, alipimwa kwanza jicho. Mkewe alikuwa hajapimwa. Mke mtu huona ameshamjua.

"Weka hiyo chini," alisema polepole. "Nyoosha mikono yote miwili mbele. Vikutanishe viganja, uache katundu kadogo katikati. Sasa itazame ile saa ya ukutani kupitia hako katundu, macho yote mawili wazi. Umeiona?"

"Nimeiona."

"Funga jicho la kushoto."

"Imepotea."

"Fungua. Sasa funga la kulia."

"Iko. Imekaa palepale."

Mwangi alipumua. "Jicho lako kubwa, lile linalolenga, ni la kushoto. Muda wote huu unalenga na jicho la kushoto na mkono wa kulia. Ndiyo maana shingo inapinda. Jicho likichoka linamwachia mwenzake, na risasi zinahama."

"Kwa hiyo si kidole."

"Si kidole."

Rael aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyeshinda kesi aliyojua tangu mwanzo kuwa ataishinda. Halafu akasema jambo ambalo Mwangi hakuwahi kulisikia katika miaka yote ya ndoa yao.

"Mimi nilizaliwa mashoto."

"Wewe?"

"Nyanya ndiye aliniachisha. Alikuwa ananifunga huu mkono kwa kipande cha leso wakati wa kula. Alisema msichana anayepokea chai ya wageni kwa kushoto ataaibisha boma. Nikifunguliwa narudia, nafungwa tena. Mwisho nikakubali." Aliutazama mkono wake wa kushoto, akakunja na kukunjua vidole. "Sikuwahi kufikiria tena. Ni zamani."

Salum, aliyekuwa amesimama karibu akizikusanya bastola zilizokataliwa, alikohoa. "Shemeji, zipo mbili za mashoto kule ndani. Mpini wake umechongwa kwa ajili ya mkono wa kushoto, wa kulia hauingii. Hazina mtu kwa sasa. Nizilete?"

"Zilete," Rael alisema kabla Mwangi hajafungua kinywa.

Moja ilikuwa mpya, nyembamba, nyepesi. Nyingine ilikuwa ya zamani, nzito, mbao ya mpini wake imeiva kwa jasho la mikono ya watu. Mwangi aliona mara moja ipi inamfaa. Nyepesi haichoshi mkono, na mkono ule ulikuwa haujafanya kazi hiyo kamwe. Maneno yalimfika kooni. Akayameza, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama pale wanaposimama wasimamizi.

Rael aliijaribu nyepesi kwanza. Mtutu ulichezacheza hewani kama kichwa cha mjusi. Akaiweka chini, akaichukua nzito. Safari hii Mwangi aliona kichwa cha mkewe kimesimama wima juu ya mabega na shingo imenyooka. Mtutu ulitetemeka mwanzoni, ukashuka kidogo, ukatulia kwa uzito wake wenyewe.

Risasi za kwanza zilikwenda ovyo. Moja iligonga ukingo wa karatasi, nyingine haikuonekana kabisa. Lakini kadiri alivyoendelea zilianza kusogeleana, na karatasi ilipoletwa palikuwa na kundi moja. Lilikuwa pana kama sahani, limeelekea chini, lakini lilikuwa moja.

"Hii," Rael alisema.

"Ni nzito," Mwangi alisema. "Utaichoka."

"Baba Chelsea, mimi nashinda na pasi mkononi kutwa. Usinifundishe uzito."

Hessa alikuja, akaitazama karatasi, kisha akamtazama Rael. Akauliza kwa Kiingereza chake cha taratibu kama ana hakika anataka kubadilisha mkono mashindano yakiwa karibu hivyo. Wengine hukaa msimu mzima kabla mkono haujatii. Rael alimjibu kwamba mkono huu haujifunzi, unakumbuka. Hessa akatabasamu, akamwambia Salum aandike jina.

Jioni, chumbani kwao, Rael alikuwa akimenya viazi. Kisu kilikuwa katika mkono wa kushoto, kinakwenda kwa kusitasita. Mwangi alikaa kitandani akimtazama.

"Na Chelsea?" aliuliza ghafla.

Rael aliacha kumenya. Binti yao alikuwa Nyahururu, analelewa na mamake Mwangi. "Chelsea anaandika kwa kulia. Lakini sijui kama alizaliwa hivyo."

Mwangi akapiga simu, akafungua spika. Mamake alipokea akiwa jikoni. Sauti ya sufuria ilisikika nyuma. Baada ya salamu na habari za mvua, Mwangi aliuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, mtoto alikuwa anashika kijiko kwa mkono gani alipokuwa mdogo.

"Wa kushoto," mama alisema bila kusita. "Huyo nilimkomesha kabla hajaingia shule. Hata mwalimu wa nasari alinishukuru. Kwani kuna nini?"

Mwangi alimtazama mkewe. Rael aliweka kisu chini. Alinyoosha mkono, Mwangi akampa simu.

"Mama, habari ya jioni," Rael alisema. Sauti yake ilikuwa ya heshima lakini haikuwa ya kuomba. "Umemlea vizuri mtoto wetu na Mungu anajua. Lakini kuanzia leo muachie mkono wake. Akitaka kuandika kwa kushoto, aandike. Akikosea, mimi ndiye nitaulizwa."

Upande wa pili sauti ya sufuria ilikoma. Kisha mama akauliza, "Na wageni wakija?"

"Wageni wataletewa chai, mama. Watashukuru au watakaa na kiu."

Mwangi aliziba mdomo kwa kiganja. Alitarajia ngurumo. Badala yake alimsikia mamake akicheka kile kicheko chake cha puani, akisema haya basi, nyinyi ndio mmesoma, na kwamba mtoto mwenyewe bado huiba sukari kwa mkono wa kushoto.

Mazoezi ya Jumamosi yaliendelea. Chumbani, Rael alishika chupa ya maji kwa mkono wa kushoto ulionyooshwa, akalenga swichi ya taa, na Mwangi alimsimamia pumzi. Kazini alianza kupiga pasi kwa kushoto, akaunguza foronya moja, akasemwa, akaendelea. Siku ambazo mkono ulimkatalia hakununa. Alilala, kesho yake akaanza tena.

Mashindano yalipofika, ukumbi ulijaa wafanyakazi wa hoteli za kila upande wa mji, Wafilipino, Wanepali, Waganda. Rael alisimama kwenye mstari akiwa mashoto peke yake, amegeukia upande tofauti na wenzake wote, akitazamana uso kwa uso na mwanamke wa njia ya kupigia ya jirani. Mwangi hakuruhusiwa kusimamia njia ya mkewe, wala hakuomba. Alikaa kwenye viti vya watazamaji nyuma ya kioo, mikono katikati ya magoti. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikaa upande ule wa kioo.

Rael hakushinda. Alitoka wa nne, nyuma ya wanawake waliokuwa wakipiga kwa miaka. Hessa alimwandika timu ya msimu ujao hapohapo, akamwuliza kuna kitu gani kinachomsumbua ili kitengenezwe mapema.

"Mpini," Rael alisema. "Ulichongwa kwa ajili ya mkono wa mwanamume. Hapa chini ya kidole gumba unanisukuma."

Salum alileta msasa kutoka ghalani, akahakikisha bastola haina kitu ndani, akaufungua mpini na kuuweka mezani peke yake. Mwangi alinyoosha mkono kuuchukua, maana kazi hiyo aliijua. Rael alikuwa ameshaushika. Alisugua kidogo, akaukumbatia kwa kiganja cha kushoto, akausikilizia, akasugua tena.

"Hapo usitoe sana," Mwangi alisema. "Mbao ikishatoka hairudi."

"Sawa. Nionyeshe ni wapi pa kuacha."

Mwangi akainama karibu naye, akamwonyesha kwa ukucha, na vumbi laini la mbao likawaangukia wote wawili mapajani.