Koili Ndogo, Koili Kubwa

Seremala alikuwa na siku moja tu ya kuisaka pete yake ya ndoa, na jua lilikuwa limeshapanda. Kesho asubuhi mafundi wa zege wangekuja kusakafia karakana. Mwanawe mkubwa ndiye aliyewaita, tena kwa nia njema, ili baba aache kula vumbi uzeeni. Zege likishamwagwa, pete ingebaki chini daima, pamoja na jibu la swali ambalo mkewe hakuwahi kuliuliza.

Pete yenyewe ilipotea kiseremala hasa. Zamani alikuwa akiivua kabla ya kushika randa, akaitundika kwenye msumari ukutani. Siku moja misumari ikamwishia huku mteja amesimama mlangoni akidai kitanda chake. Seremala akanyoosha mkono, akang'oa msumari uliokuwa karibu, akaugongelea kitandani, akamshukuru Mungu. Jioni ndipo alipotazama ukuta akakuta tundu. Alichekecha maranda mpaka macho yakamwasha, asione kitu. Nyumbani akamweleza mkewe ukweli wote, na mkewe akasema, "Sawa."

Basi, hilo tu. Angefoka, yangekwisha. Lakini ile "sawa" ilikaa nao mezani miaka na miaka kama mgeni asiyeaga. Seremala alijua fika kwamba mama watoto anaamini pete iliuzwa, au mbaya zaidi, kwamba inang'aa kwenye kidole cha mtu mwingine.

Ndiyo maana alimwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye mtaa mzima ulimwita Sumaku. Sumaku akaja na mashine ya kutafutia metali na koili zake mbili, zile sahani za plastiki zinazofungwa kwenye ncha ya fimbo na kupitishwa juu ya ardhi. Moja ilikuwa pana kama sinia, nyingine ndogo kama kisahani cha kikombe.

"Chagua, shemeji," alisema. "Kubwa inasikia mbali chini. Ndogo haifiki mbali, ila inachambua, kimoja kimoja."

"Funga kubwa," seremala akajibu bila kufikiri. Pete ilikuwa imekanyagwa miaka yote hiyo, na juu yake aliwahi kumwaga udongo baada ya mvua kuingia ndani. Kitu kilichozama hutafutwa na kinachozamia.

Koili kubwa haikunyamaza hata mara moja. Ilinguruma mlangoni, ikanguruma dirishani, ikanguruma katikati. Walichimba hapa wakapata msumari, pale misumari, kwingine bawaba yenye kutu na misumari yake. Sumaku akafuta jasho, akacheka.

"Sakafu ya seremala hii! Sinia hili linafunika misumari kibao kwa mpigo, basi pete hata ikiwepo sauti yake inamezwa. Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, shemeji."

Wakafunga ndogo. Hiyo ilikuwa na adabu: iligutuka kwenye msumari mmoja, ikanyamaza, ikagutuka kwenye mwingine. Lakini haikuvuka ule udongo wa juu. Seremala akakaa kwenye benchi lake. Akitafuta asipate, itakuwa kama amejishtaki mwenyewe. Heri asingeanza.

Alikaa hivyo akiutazama ubao uliosimama ukutani. Ubao ukiwa mnene kuliko urefu wa msumari, mtu harefushi msumari. Anachukua randa, anapunguza ubao.

"Baki na hiyo hiyo ndogo," akasema. "Udongo ndio utakaopungua."

Akashika jembe. Mgongo ukamkumbusha umri wake kila alipoinua, na kishindo kikamleta mkewe kutoka uani. Akasimama mlangoni, akazitazama koili mbili, mashimo, na wanaume wawili waliojaa vumbi.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema. "Mnatafuta nini?"

Sumaku akajifanya hamnazo, akaanza kupangusa koili isiyokuwa na uchafu.

"Pete," akasema seremala.

Mkewe akakunja mikono ya gauni, akamnyang'anya jembe. "Kaa. Mgongo huo nitaukanda mimi usiku." Akaanza kukwangua udongo, na mumewe akauzoa kwa sepetu, mpaka wakafika sakafu ya kale, nyeusi, iliyochanganyika na maranda yaliyooza.

Sumaku akapitisha koili taratibu. Ikanguruma, ikanguruma, kisha karibu na mguu wa benchi ikatoa mlio mfupi, mwembamba, safi. Akairudisha. Ukalia vilevile.

Seremala hakuthubutu kuinama. Mkewe ndiye aliyepiga magoti, akachimbua kwa vidole, akatoa donge la udongo na kulivunja kiganjani. Pete ilikuwa ndani, bado ya manjano kama siku aliyovishwa.

Mama watoto akakaa pale pale chini.

"Nimekuonea," akasema. "Miaka yote hii nimekuonea."

"Hukuwahi kusema neno."

"Ndiko kukuonea kwenyewe. Ningesema, ungejitetea."

Sumaku akabeba mashine yake, akatoka nje polepole, ingawa hakuna aliyemfukuza. Seremala akanyoosha mkono. Mkewe akaijaribu pete kidoleni mwa mumewe, lakini fundo la kidole lilikuwa limenenepa kwa nyundo na uzee, na pete ikagoma njiani. Seremala alipotaka kuilazimisha, mkewe akamzuia. Akaivaa yeye mwenyewe kwenye kidole gumba, ikakaa kama iliyopimwa.

"Nitakutunzia mimi," akasema, akivuta kamasi na kucheka kwa pamoja. "Wewe na misumari hamuaminiki."

"Sawa," akasema seremala, akilia bila kujificha.