Gari Halikuharibika Chimala

Mimi sikupata kipaimara. Naanza na hilo kwa sababu nimelificha vya kutosha.

Niliacha shule darasa la sita. Mjomba alikuja kwetu Tosamaganga akanichukua kwenda Uyole, Mbeya, nimsaidie kuuza viazi, na mafundisho ya kipaimara nikayaacha katikati. Rafiki zangu wawili, Bartholomeo na Anord, waliendelea. Niliporudi Krismasi kusalimia, walikuwa wameshapakwa mafuta na askofu, wana picha wamevaa mashati meupe. Wakaniuliza, na wewe je? Nikasema nimepata Mbeya. Nikaongeza kwamba askofu alinipiga kofi dogo la shavuni, nikacheka mbele ya kanisa zima. Walicheka mpaka wakashika matumbo.

Tulipofika miaka ishirini na nne, Bartholomeo alikuwa mwalimu, ana mke, Faustina. Anord alikuwa seremala mwenye karakana yake Ipogolo, na msingi wa nyumba umeshapanda. Mimi nilikuwa napakia magunia ya viazi Uyole. Kabla ya hapo nilikuwa Chimala, njia ya kwenda Iringa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikaacha. Kabla ya hapo nilikuwa utingo wa lori, nikafukuzwa kwa kulala. Nilikaa chumba kimoja na mpakiaji mwenzangu, Yunusu, tunalala godoro moja. Kila wakinipigia wenzangu walikuwa na jambo jipya la kusema, mimi nasema tu mambo yanaenda. Hayakuwa yanaenda popote. Mwisho nikaacha kupokea. Simu ikiita naiangalia mpaka inyamaze, halafu naandika kwamba nilikuwa kazini.

Siku moja Bartholomeo alitumia namba ya mkewe, nikapokea.

"We Silva, mbona unajificha kama bibi harusi?"

"Kazi, Mwalimu."

"Kazi gani hiyo isiyokuwa na Jumapili? Sikiliza. Faustina amejifungua, wa kiume. Anabatizwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Baba wa ubatizo ni wewe."

"Si yupo Anord?"

"Anord nimeshamwambia ni wewe. Na jina la mtoto ni lako, usianze kubisha."

Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Niliona kama nikisimama na yule mtoto, basi bado ni mmoja wao, hata kama wamenipita kwa kila kitu kingine. Ndipo akasema, "Uje na barua ya jumuiya na cheti cha kipaimara. Katekista wetu unamjua, mkali."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa wetu, Mama Paskalina. Nilimkuta uani anapepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Silvester. Nakaa nyuma ya soko. Ni wa jumuiya hii hii."

"Hii hii!" Akaweka ungo chini. "Kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunasali hapa hapa. Miaka mitatu naongoza mimi, sijakuona hata siku moja umepotea njia ukaingia."

Nikamweleza shida yangu. Aliponiuliza cheti, nikamwambia ukweli. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia.

"Basi mwanangu, barua siwezi kuandika," alisema. "Ila mafundisho yanaanza karibuni. Utakaa na watoto wa darasa la sita, benchi ni refu."

"Mama, nina miaka ishirini na nne."

"Si ndipo ulipoishia? Mwambie rafiki yako achague mwingine, na wewe njoo Jumamosi."

Sikuenda Jumamosi. Bartholomeo sikumwambia. Nilimwandikia ujumbe: barua tayari.

Nilinunua mshumaa na kitambaa cheupe, vitu anavyoleta msimamizi. Shati aliniazima Yunusu. "Hilo ni la Idi," alisema. "Ukilimwagia hayo maji yenu ya baraka, ufue mwenyewe." Nikapanda basi kwenda Iringa nikijiambia kwamba katekista amezeeka, huenda asiulize.

Jumapili asubuhi nilifika Tosamaganga kwa miguu kutoka barabara kubwa. Katekista alikuwa mlangoni mwa kanisa na daftari. Wazazi na wasimamizi wamepanga foleni, kila mmoja anatoa karatasi yake, katekista anaisoma mpaka nyuma. Bartholomeo alisimama kando yake amevaa suti, anaangalia njia. Faustina alikuwa na mtoto kwenye shali. Anord alikuwepo pia, ameota kitambi kidogo.

Nikajibanza nyuma ya mikaratusi. Nikapiga simu.

"Silva! Umefika wapi?"

"Batho, gari limetuharibikia Chimala. Springi imekatika. Hapa nilipo tunasubiri fundi."

"Chimala?"

"Chimala. Hata nikipata gari lingine siwahi."

Hapo kengele ya kanisa ikapigwa. Niliisikia kwa sikio moja kutoka mnarani na kwa sikio la pili ndani ya simu, na nikajua na yeye anaisikia mara mbili hivyo hivyo. Nilifunika simu kwa kiganja, nimeshachelewa. Kengele ile inapigwa muda mrefu.

"Sawa, Silva," akasema. "Poleni na gari."

Nikaondoka kwa kuinama, kama mwizi wa mahindi. Mshumaa niliuwasha Uyole siku umeme ulipokatika, nikitafuta viatu.

Hakuniuliza tena. Mtoto aliitwa Silvester hivyo hivyo. Tulibaki watu wa kutumiana salamu za Krismasi.

Sasa nina miaka thelathini na tisa, nina mke na kibanda cha viazi. Mwezi uliopita Bartholomeo alipiga.

"Silvester wako anapata kipaimara. Anataka usimame naye wewe."

Nilikuwa na uongo mwingine mdomoni. Nikaumeza.

"Batho, mimi sina kipaimara. Sijawahi kupata."

"Najua."

"Tangu kengele ile?"

"Tangu zamani. Mjomba wako alimwambia mama yangu mwaka ule ule. Unafikiri kofi la askofu tulilichekea nini, mimi na Anord?"

"Sasa uliniitia nini?"

"Cheti nilikutajia nikidhani utasema mwenyewe. Uliposema barua tayari, nikaongea na katekista. Anord aandikwe kwenye daftari, wewe umbebe mtoto na mshumaa. Nilitaka nikwambie pale mlangoni, kwenye simu ungekataa. Baada ya kengele nilibaki nje naangalia njia, nikidhani utatokea. Mpaka padre akatuma mtu aniite."

Miaka kumi na tano nimewaambia watu wa Uyole kwamba rafiki zangu wa utotoni walinitupa walipopata kazi. Yunusu nimemwambia. Mke wangu nimemwambia, na anawachukia mpaka leo bila kuwaona.

"Upo?" akauliza Bartholomeo.

"Nipo."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Uyole."

"Kweli?"

Nikaitoa simu nje ya kibanda, nikainyoosha kuelekea barabarani, asikie malori.