Vanishi Kwenye Nukta ya Tisa

Saa 2:10 asubuhi mkaguzi aliweka saa ya mezani juu ya boksi la vifaa na kuielekeza kwenye bawa la kulia la ndege.

"Mpaka saa sita kamili," alisema. "Saa sita na sekunde moja siitambui."

Karakana nzima ilimwita Desimali. Alijua, na hakuona kosa.

Mtahiniwa alikuwa fundi umeme mwenye miaka kumi na moja kazini, ambaye bado hakuwa na muhuri wake mwenyewe. Mtihani wa muhuri alikuwa ameufanya mara mbili. Mara ya kwanza alipima kwa waya uliochubuka. Mara ya pili alipima sawasawa, akajaza matokeo kwenye fomu ya ndege nyingine. Kanuni huruhusu mara tatu. Akishindwa leo, kazi zake zingeendelea kusainiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi.

Bawa lile lilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Ni jepesi na imara, lakini halipitishi umeme vizuri kama alumini. Radi ikilipiga, umeme lazima upate njia rahisi ya kupita mpaka utokee upande wa pili; ukiikosa, hutoboa bawa. Kwa hiyo chini ya rangi kuna wavu mwembamba wa shaba, na kila paneli huunganishwa na jirani yake kwa mkanda wa shaba iliyosukwa. Mkanda hufungwa kwa bolti juu ya kibati cha alumini kilichokwaruzwa mpaka kikawa kitupu. Bawa lilikuwa na nukta kumi na sita za namna hiyo. Ukinzani wa kila moja haukutakiwa kuzidi miliomu 2.5, kiasi kidogo mno hata umeme hauoni sababu ya kubishana.

Kufikia saa 3:50 nukta nane zilikuwa zimefungwa na kupimwa. Namba kubwa kuliko zote ilikuwa 1.7. Fundi alikwaruza vibati vinane vilivyobaki vyote kwa mkupuo, akavifuta kwa kitambaa safi, akaenda kunywa chai. Chai ilichukua dakika ishirini na tano.

Saa 4:35 alifunga mkanda wa nukta ya tisa na kupima. Kipimo kilisoma 310.

"Soma tena," alisema Desimali.

"Mia tatu na kumi."

"Nukta ngapi?"

"Nukta sifuri, mzee."

Desimali aliandika 310.0.

Fundi alibadilisha mkanda: 296. Alibadilisha betri ya kipimo: 304. Alikijaribu kipimo kwenye kipande cha majaribio, kikatoa jibu sahihi. Alikaza bolti mpaka spana yenye kipimo ikalia kuonyesha inatosha, na namba haikushtuka. Saa 4:57 alifungua mkanda, akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa kibati. Kilikuwa kinang'aa kuliko alivyokiacha. Pembeni mwake kulikuwa na nzi mmoja. Alimpulizia. Mbawa zilitikisika, miguu haikusogea.

Fundi alinyooka na kuita bila kugeuka: "Shemeji!"

Mpaka rangi wa karakana alikuwa mdogo wa mume wa fundi. Alitembea na brashi ndogo kwenye mfuko wa shati, kwa sababu hakuweza kuona chuma kitupu akakipita. Nyumbani kwa kaka yake alikuwa ameshapaka bawaba zote za milango, na sufuria tatu: mbili kwa nje, moja kwa ndani. Alitokea nyuma ya mkia wa ndege akitabasamu.

"Naam, shemeji yangu! Umeona vinavyometameta?"

"Umepaka nini hapa?"

"Vanishi tu. Ile isiyoonekana. Nikasema leo shemeji ana mgeni mkubwa, asikute vidonda kwenye bawa."

"Vingapi?"

"Nini?"

"Umepaka vingapi, we mtu?"

"Vyote vinane. Ningefanya kazi nusunusu mimi?"

"Vanishi haipitishi umeme, shemeji."

"Mbona inapitisha mwanga?"

Desimali alifunua fomu na kuonyesha kwa kalamu safu yenye kichwa Chanzo cha Hitilafu. Mpaka rangi aliisoma, tabasamu likafutika.

"Andika unyevunyevu," alinong'ona.

"Hewa ni kavu."

"Kavu kiasi gani? Andika wa kiasi."

"Ningekuwa naandika uongo, ningeandika 1.7 nikaenda zangu nyumbani."

Fundi aliandika: Vanishi, nukta 9 hadi 16, imepakwa na shemeji. Ushahidi: nzi.

"Nzi yupi?" aliuliza Desimali.

Alionyeshwa. Alivaa miwani, akamtazama kwa muda unaostahili, kisha akaandika: Nzi amethibitishwa.

Ilikuwa saa 5:02. Kukwaruza vanishi mbichi kungemchukua fundi dakika tisa kwa kila kibati, na kufunga na kupima dakika nne. Mara nane ni dakika mia moja na nne. Zilibaki hamsini na nane.

"Kanuni inasemaje kuhusu kutoa rangi?" aliuliza.

Desimali hakuhitaji kufungua kitabu. "Kufunga na kupima ni kazi ya mtahiniwa. Kutoa rangi ni kazi ya idara ya rangi."

Wote wawili walimtazama mpaka rangi.

"Hapana," alisema. "Nikwaruze kazi yangu mwenyewe? Haijakauka hata!"

"Ndiyo vizuri. Inatoka upesi."

"Nitamwambia kaka."

"Mwambie. Mwambie na ya sufuria."

Alianza saa 5:05. Alikwaruza kwa dakika sita kila kibati, kwa kuwa vanishi yake aliijua, na kila kimoja alikiomba radhi kwa sauti. Kwenye nukta ya kumi na mbili alisita.

"Hii ilitoka vizuri kuliko zote, shemeji. Angalia ukingo wake."

"Kwaruza."

"Nikiacha ukingo tu?"

"Kwaruza, nasema!"

Fundi alimfuata nyuma, mkanda, bolti, kipimo. Nukta ya tisa: 1.4. Ya kumi: 1.6. Ya kumi na mbili: 1.1, ndogo kuliko zote za bawa lile, na mpaka rangi alidai sifa ni zake. Ya kumi na tano: 2.0, saa 5:51.

Kibati cha mwisho kilitolewa vanishi saa 5:54. Bolti ilianguka mara moja, ikaokotwa, ikafutwa. Spana ililia saa 5:58. Namba ilianza 2.9, ikashuka 2.6, ikacheza hapo. Mpaka rangi aliziba macho kwa brashi.

"Subiri itulie," alisema Desimali.

Saa 5:59 na sekunde arobaini ilitulia kwenye 2.4. Desimali aliiandika, akachovya muhuri mpya kwenye wino, akampa fundi, naye akaugonga kwenye fomu.