Mafuta ya Bawa la Kushoto

Ndege ya kivita ilipotua Pemba bila kualikwa, nusu ya watu wa Chake walikimbilia uzio wa kiwanja kuitazama, na nusu iliyobaki ikakaa barazani kueleza imefuata nini. Wako waliosema vita imekaribia. Wako waliosema rubani kaposa Gombani. Ukweli ulikuwa mnyonge kuliko maneno yao yote: injini ilikuwa karibu kukosa mafuta, na huku bawa la kushoto limejaa pomoni.

Kesho yake wakaletwa mafundi wawili kutoka bara na masanduku yao ya zana. Mmoja alikuwa Sajini Silima, Muunguja, mtu wa maneno machache na mgongo mbovu. Wa pili ni Koplo Jaribu, fundi wa mifumo ya mafuta, mtoto wa Wambaa, kijiji cha hapo hapo Pemba. Jaribu alikuwa na miaka hajakanyaga kisiwani. Kila likizo ilikuja na kisingizio chake. Leo kozi, kesho zamu, keshokutwa mtoto anaumwa. Mama yake, Bi Mwanakhamis, alikuwa taabani kwa kifua tangu mwezi wa Ramadhani, na katika safari ile Jaribu hakutaka jambo jingine lolote ila amshike mama mkono, amwombe radhi, naye aisikie radhi hiyo kwa masikio yake. Alikwisha kuiomba kwa simu. Mama alijibu, lakini mtandao ukakatakata, na alichopata Jaribu ni nusu ya neno na kikohozi.

Tena alikuwa amechoka. Si uchovu wa safari, huo ungemtoka kwa usingizi. Alikuwa na mwili mdogo, na katika kazi yao mwenye mwili mdogo ndiye anayeingizwa kwenye matangi. Miaka yote hiyo, kila penye tundu jembamba lenye mvuke wa mafuta, aliitwa yeye. Alichoka kuitwa.

Asubuhi ile, kabla kazi haijaanza, alimpigia simu dada yake Tatu, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza mama.

"Wazima nyote?"

"Wazima, alhamdulillahi."

"Na mama?"

"Mama hajambo. Ila tokea jana hataki uji. Akuulizia kama weye ushafika kuno."

"Mwambie nipo kiwanjani. Nikimaliza tu, nakuja."

"Haya. Fanya kazi yako, kaka. Mama hajambo."

Mtu aliyelala na kuamka kisiwani angeweka simu chini akatafuta usafiri hapo hapo. Sisi ukituuliza habari tunajibu njema, hata kama ndani kuna maiti inasubiri kuoshwa. Hiyo njema ni kukukaribisha tu. Habari yenyewe inakuja nyuma, imefunikwa na "ila", na kazi ya msikilizaji ni kuifunua. Jaribu aliyajua hayo tangu hajaota meno. Lakini alikuwa amekaa mno kambini, ambako ndiyo huwa ndiyo na hapana huwa hapana, na masikio yake yakaharibika. Alisikia hajambo, akashukuru, akaenda kuvaa ovaroli.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Watu hudhani ndege ya kivita ina tangi moja kama pikipiki. Ina matangi chungu nzima: nyuma ya kiti cha rubani, tumboni, ndani ya mabawa, na ikibidi mengine ya kuning'inizwa nje. Lakini injini hainywi kwenye matangi yote hayo. Inanywa kwenye tangi moja dogo lililo karibu nayo, na hayo mengine yanalilisha hilo kwa zamu, kwa mpango, ili ndege isielemee upande. Pampu zinavuta, na hewa ya shinikizo inayotoka kwenye injini yenyewe inasukuma. Ndani ya lile tangi dogo mna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, ili rubani akipinduka miguu juu kichwa chini, mafuta yasiikimbie pampu. Mambo mazuri, yamefikiriwa na watu wenye akili zao. Halafu vali moja, ya kujaa kiganja, inagoma kufunguka, na mafuta ya bawa zima yanabaki kwenye bawa. Kipimo kinajumlisha yote na kumwambia rubani anayo tele. Anayo, ndiyo, lakini hayamfikii.

Vali iliyogoma ilikaa pale bawa la kushoto linapoungana na kiwiliwili, na njia pekee ya kuifikia ilikuwa kupitia tangi la tumboni. Lilikwisha kumwagwa mafuta, likawa linapulizwa hewa safi kwa bomba nene. Silima akapima mvuke, akaridhika, kisha akafanya alilolifanya kila siku kabla ya kumwingiza mtu. Hakuwa akimruhusu fundi mwenye jambo moyoni aingie tangini. Mwenye jambo anapumua ovyo, anasahau barakoa, anafunga nati vibaya. Kwa hiyo aliuliza.

"Nyumbani wazima?"

"Wazima, sajini," akajibu Jaribu, kama mtu yeyote wa kwao angejibu. "Mama hajambo, ila..."

Hapo jenereta la kupulizia hewa likakohoa. Silima akageuka, akalipiga teke, akalisikiliza mpaka likatulia. Aliporudi alisema, "Basi vizuri, ingia."

Jaribu angeweza kuimalizia. Maneno yenyewe hayakuzidi matano. Lakini kuyaanza upya kulimwelemea, na alikuwa ameshainama, na kazi ni ya kumaliza adhuhuri haijaingia. Akaiacha simu kwa askari wa geti, maana haikaribishwi penye tangi lililo wazi, akavaa barakoa, akatanguliza mikono, kichwa, kisha mabega.

Ndani hakuna kukaa wala kupiga magoti. Unalala ubavu na taa usoni, chuma kimekubana huku na huku, na tone la mafuta lililobaki kwenye kona linachagua shingo yako. Boliti ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikakatikia ndani, na hapo ndipo adhuhuri ilipopotelea. Silima alikuwa akimsemesha kutoka tunduni, kama ilivyo ada, asikie kama bado ana fahamu.

"Vipi, Mpemba?"

"Bado kidogo."

"Hiyo bado kidogo ya Kipemba au ya kawaida?"

"Ya Kipemba."

Silima akacheka, na Jaribu naye akacheka ndani ya barakoa, ingawa mkono ulikuwa umekufa ganzi. Alimwona mama kwenye lile giza, si mgonjwa, bali vile alivyokuwa, anapeta mchele na kumuuliza kila likizo, enzi zile bado akija, swali lile lile: hayo mafuta ya ndege yanakaa wapi, mbona mabawa yenyewe membamba? Kila mara alimwambia, "Ntakueleza, mama." Hakuwahi kukaa akamweleza.

Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa alipotoka, vali mpya ikiwa mahali pake, nywele zimelowa mafuta, macho mekundu. Alikwenda getini kuchukua simu. Tatu alikuwa amepiga, akapiga tena, na tena. Ujumbe ulikuwa mmoja tu: Kaka, njoo.

Silima aliusoma kwa kuchungulia begani kwake.

"Nilikuuliza," alisema.

"Nilikujibu, sajini. Nilisema ila."

Silima alikaa juu ya sanduku la zana. Yeye pia ni mtu wa visiwa, na aliijua ila ni nini. "Nisamehe," alisema. "Ningeisikia hiyo ila, ningekuvuta kwa miguu kukutoa tangini. Nenda, injini nitaijaribu mwenyewe."

Jaribu alipanda bodaboda vile alivyo. Dereva alilalamika njia nzima kwamba abiria ananuka kama jiko la mafuta ya taa lililopinduka. Jaribu alikuwa akiomba dua moja, akiirudia, mpaka wakaingia Wambaa.

Tatu alimpokea mlangoni. Alimwangalia, akafurahi, halafu harufu ikamfika, na mkono wake ukapanda kumzuia kifuani.

"Yuhai," alisema haraka. "Yuhai, kaka, na akili zake anazo. Lakini huingii hivyo. Kifua chake hakiwezi hata moshi wa udi, itakuwa hayo mafuta? Kaoge kwanza. Upesi."

Alikuwa na haki. Jaribu alijua kuliko yeye mvuke ule unavyobana pumzi ya mtu mzima, seuze mgonjwa. Akaenda uani. Alijimwagia maji, akajipaka sabuni, akajisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka. Alijinusa, bado. Akaomba ndimu, akapewa, akajisugua kwa ndimu, zikamchoma kwenye michubuko. Alijinusa tena, bado ile ile. Mafuta yale hayatoki kwa kuoga mara moja, yamo kwenye vinyweleo, na hakuna aliyelijua hilo zaidi yake. Lakini aliendelea kusugua, kwa sababu mlango ulikuwa pale na yeye alitaka kuingia akiwa safi.

Ndoo ya tatu ilikuwa mkononi aliposikia sauti ya Tatu dirishani, taratibu, ikimtamkisha mama shahada. Ikarudia. Kisha ikanyamaza.

Aliingia na kikoi kimemganda mwilini, maji yakichuruzika sakafuni. Tatu alikuwa ameshamfumba mama macho na alikuwa akimfunga kidevu kwa kitambaa. Hakuinua uso.

"Alikusikia harufu," alisema. "Ulipofika tu mlangoni alisema, Jaribu kaja. N'kamwambia yuaoga. Akasema, anaoga nini, na mie namngoja? Mwache aje vivyo hivyo." Tatu alilifungua fundo, akalianza upya. "N'kamwambia yuaja sasa hivi. Mie nilidhani nakipa kifua nafasi, kaka. Nilidhani tunao muda."

Jaribu hakumlaumu. Angemlaumu kwa lipi? Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mama, na ulikuwa bado na joto. Akaushusha uso juu yake na kuomba radhi kwa sauti, kama alivyokuwa ameipanga njia nzima, kwa likizo zote, kwa swali la mafuta, kwa kila kitu. Halafu akangoja.

Tatu alifungua kinywa ajibu. Lakini radhi ya mama haijibiwi na mtu mwingine, na yeye alilijua hilo. Akakifumba, akaendelea kufunga kitambaa.