Utelezi Ndani ya Bomba

Ngendo wa Gitothua alikuwa mwanamke msafi, na usafi wake aliutumia kama fimbo. Kila jioni, kabla ya kufunga mashine yake ya kuuzia maziwa pale Ruiru, alipitisha maji yenye klorini ndani ya bomba, klorini kiduchu, maana hakutaka wateja wasikie harufu. Kisha alimgeukia Naliaka, mke wa mwanawe, na kumuuliza kama huko kwao Bungoma watu huosha vyombo.

Naliaka alikuwa akisomea shahada ya pili mjini Thika, na somo lake lilikuwa bakteria. Siku moja alipitisha kidole kwenye mdomo wa bomba, akakuta utelezi.

"Mum, hii klorini ni kidogo. Inawaudhi bakteria tu, haiwaui."

Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa dukani. "Ngai! Mtu hajui kupika mukimo anataka kunifunza kuosha mashine?" alisema Ngendo, nao wakacheka hadi wakafuta machozi. Naliaka alicheka pamoja nao, na moyoni alimchukia mama huyo kwa chuki safi kabisa.

Kesho yake aliuchukua ule utelezi kwa kijiti cha pamba, akaenda nao maabara. Alichokiona kilimsahaulisha aibu. Bakteria hao, wasipobughudhiwa, waliota mikia na kuogelea kwenye maziwa. Wakiguswa na klorini kidogo, jeni moja ndani yao iliwaka kama swichi: kazi ya kutengeneza mikia ikasimama, ya kutengeneza gundi ikaanza, nao wakang'ang'ania ukuta wa bomba na kujifunika humo, dawa isiwafikie. Mambo yakitulia, baadhi yao walizima swichi, wakaota mikia tena, wakaogelea hadi kwenye kikombe cha mtu.

"Hapa ndipo digrii yako ilipo," alisema msimamizi wake, Daktari Gachau, mtu mchoyo wa sifa. "Leta sampuli kila wiki. Na hiyo bomba mtu asiioshe vizuri."

Naliaka hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Mwezi wa nane watoto wa mtaa walianza kuharisha. Watu wa Gitothua huchemsha maziwa ya ng'ombe wa jirani hadi yafurike, lakini ya mashine huyanywa vivyo hivyo, kwa kuwa yalishachemshwa kiwandani. Ngendo alimjia Naliaka kwa sauti ya chini, mara ya kwanza tangu aolewe.

"Mami, wewe umesoma. Mashine yangu iko sawa?"

Lo, jinsi Naliaka alivyoionja sauti ile! "Iko sawa, Mum. Endelea na klorini yako kidogo, usibadilishe kitu."

Nyumbani aliyachemsha maziwa ya binti yake kwa siri. Binti huyo, Kangendo, alipewa jina la nyanya yake kama desturi ilivyotaka, na ndiye kitu pekee ambacho wanawake hao wawili walikipenda pamoja.

Siku ya kutetea kazi yake ya shahada, walimu walimpigia makofi, hata Gachau. Alirudi akitabasamu njia nzima. Mlangoni alimkuta Ngendo amembeba mtoto, leso imelowa matapishi.

"Asubuhi nilimpa ya mashine, kikombe kizima," alisema Ngendo. "Nimekuona unavyochemsha-chemsha mpaka utamu unaisha."

Walipofika kliniki Kangendo hakuwa akifungua macho. Daktari aliuliza alikuwa amekunywa nini.

"Maziwa yangu ni safi, daktari," alisema Ngendo, na kwa mara ya kwanza alimshika mkwewe bega kwa fahari. "Huyu amesomea hivyo vitu. Ni yeye mwenyewe aliniambia."

"Ni kweli?" daktari aliuliza, huku akiandika dawa ya kawaida.

Dawa hiyo Naliaka alikuwa ameijaribu kwenye sahani za maabara. Haikuwafanya bakteria hao kitu.

"Si safi," alisema. "Hao bakteria nawajua. Nimewafuga tangu Pasaka. Hiyo dawa haiwawezi. Nitakuandikia inayowaweza."

Ngendo aliondoa mkono begani, akasogeza kiti chake kati ya Naliaka na kitanda, akaketi.

"Huyu asimguse mtoto," alimwambia nesi.

Nesi alingoja Naliaka amalize kuandika, kisha akamwonyesha mlango.