Petroli Iliyojua Njia

Itangazwe kwa wote wenye masikio, na wenye kuyaziba wazibuliwe: hii ni taarifa rasmi, kamili na isiyoegemea upande wowote, juu ya tukio zito lililoutikisa msingi wa elimu katika shule moja ya bweni. Msomaji aketi wima. Asitafune kitu.

Lori la shule lilikuwa linapoteza petroli.

Lori hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko walimu wengi waliolipanda, na wanafunzi waliliita Bikizee. Lilianza safari kwa kukohoa, likamaliza kwa kutetemeka, na katikati ya safari lilitaka kubembelezwa. Aliyelibembeleza kwa miaka kumi na tisa alikuwa dereva mmoja mkimya aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwa la utosi. Wanafunzi walimwita Mzee Klachi. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Aliishi na mkewe katika nyumba ya shule, chumba na sebule nyuma ya banda la lori, na akistaafu kwa heshima angekaa humo hadi mwisho wa uhai wake. Akifukuzwa, angetoka siku hiyohiyo. Kanuni hiyo ilikuwa imetundikwa kwenye korido ya ofisi, ndani ya fremu ya kioo, na mkewe aliijua kwa moyo ingawa hakuwahi kuingia ofisini.

Muhula huo tangi lilijazwa Jumatatu, na Jumatano asubuhi mshale ulikuwa umelala. Chini ya lori hapakuwa na dimbwi wala doa. Petroli isiyomwagika wala kuungua, alisema Makamu wa Mkuu wa Shule, ina maelezo mamoja tu, na maelezo hayo yana mikono. Alisema hivyo akimtazama dereva.

Makamu alikuwa mtu wa utaratibu. Kila asubuhi, bendera ikishapandishwa, dereva aliitwa mbele anyooshe mikono, na Makamu aliinama akainusa, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, wanafunzi mia nne wakiwa wamesimama mguu sawa. Mikono ya mtu anayefanya kazi na lori la petroli hunuka petroli. Kila asubuhi Makamu aliinuka akitikisa kichwa, kwa huzuni ya mtu ambaye hakupenda kuwa sahihi.

Baada ya wiki moja shule nzima ilikuwa ikinusana. Mlinzi alimnusa mpishi. Mpishi alimnusa mfua nguo. Viranja walinusa mito. Hakuna aliyenusa kabichi za bwalo, ambazo zilitoka kwenye bustani ya Makamu nyuma ya nyumba za walimu, na ambazo zilikuwa na harufu ya petroli tangu muhula uliopita, kwa sababu kabichi hazina mikono.

Makamu akaagiza kufuli litiwe kwenye kifuniko cha tangi. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikaa mfukoni mwake. Petroli ikaendelea kupungua. Makamu akaueleza mkutano wa walimu kwamba jambo hili linaonyesha jinsi mwizi mwenyewe alivyo hatari. Dereva akahamia ndani ya lori na blanketi lake, ili mtu asilisogelee. Petroli ikapungua vilevile, na Makamu akasema sasa angalau mwizi analala mahali panapojulikana.

Mkuu wa Shule hakupenda makelele. Alimpa dereva hadi Ijumaa: alete fundi, ionekane wapi lori linavuja, ama arudishe nyumba.

Fundi alikuja Alhamisi baada ya chakula cha mchana, mwanamke mfupi mwenye sanduku la spana ambalo hakumruhusu mtu kumshikia. Alikuwa mdogo wake mke wa dereva. Mwalimu wa sayansi aliona hiyo ni nafasi ya mafunzo kwa vitendo, akakileta Kidato cha Tatu chote, watu arobaini na mmoja na madaftari yao, wakalizunguka lori.

Fundi aliingia chini ya gari ikabaki miguu tu.

"Shemeji," akasema kutoka huko, "nijibu kabla sijachafuka. Unaiba?"

"Ningekuwa naiba petroli, dada yako angekuwa bado anapuliza kuni?"

Miguu ikafikiri kidogo.

"Hilo nimelipokea," akasema fundi, na kazi ikaanza.

Kwanza aliiosha injini yote kwa sabuni na brashi, akaikausha kwa kitambaa mpaka Bikizee akaonekana kama aliyevuliwa nguo mbele za watu. Petroli huficha nyayo zake kwenye uchafu, aliwaeleza wanafunzi, na injini chafu ni kama shahidi mlevi. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Pampu ya petroli ya magari ya zamani ina kiwambo cha mpira ndani. Kikichanika, petroli huingia kwenye oili kimyakimya, na gari huonekana zima huku linajinywa lenyewe. Oili ilinuka oili. Akafungua kabureta, akagusa boya lake. Boya lilipanda na kushuka kama inavyotakiwa. Akapinda kila mpira, mmoja mmoja, akitafuta nyufa. Mipira ilikuwa mipya, dereva aliibadilisha yeye mwenyewe mwezi uliopita.

Hapo akaomba chaki. Mwalimu akatoa boksi zima. Fundi akaisaga chaki kwa chupa, akaunyunyiza unga wake kwenye kila kiungo kuanzia tangi hadi kabureta, na Bikizee akawa mweupe kama aliyeandaliwa kwa mazishi. Kisha dereva akawasha injini, wote wakasubiri. Unga mkavu hausemi uongo, panapovuja, panalowa.

Palilowa mahali pamoja, kwenye nati ya bomba chini ya tangi. Tone moja likajitokeza kwenye chaki, likanenepa, likaning'inia.

Halikudondoka.

Lilikwenda nyuma, likifuata chesisi. Lilipofika kwenye gurudumu liliteremka kwa ngazi za tairi, na nyuma yake likaburura uzi mwembamba wa petroli, upana wa kidole. Chini lilitulia kidogo, kama mtu anayehakikisha hajasahau kitu. Kisha likaondoka kuelekea kwenye mlima wa nyumba za walimu.

Fundi akatoka chini ya gari akijifuta mikono, akalifuata. Dereva akamfuata fundi, na Kidato cha Tatu kikamfuata dereva. Tone lilikuta jiwe, likalizunguka. Lilikuta mpishi anavuka na toroli la viazi, likasubiri apite. Fundi akaweka kidole mbele yake ajaribu kulizuia, nalo likapita pembeni ya kidole bila kupunguza mwendo. Kwenye kona ya mabomba lilikata njia kupitia nyasi, na wote wakaona kwamba nyasi hapo zilikuwa zimeungua kitambo, mstari mmoja ulionyooka.

"Huku si kuvuja, shemeji," akasema fundi. "Hiki kitu kimezoea."

"Kimezoea nini?"

"Njia. Punda akipelekwa kisimani miaka kumi, mwaka wa kumi na moja humshiki kamba. Hii petroli imebebwa huku mara nyingi mno. Sasa inakwenda yenyewe, isimsumbue mbebaji."

Dereva alivua kofia yake, jambo ambalo wanafunzi hawakuwahi kuliona. Alikuwa na kipara.

Tone lilipanda ngazi saba za nyumba ya Makamu, likazunguka hadi stoo ya nyuma, likapita chini ya mlango. Mlango haukuwa na kufuli, kwani Makamu aliamini hakuna mwizi upande ule. Ndani kulikuwa na pampu ndogo ya kumwagilia bustani, na madumu kumi na mawili yaliyopangwa kwa ukubwa, kila moja na jina la shule kwa rangi nyeupe. Pembeni kulikuwa na pipa. Petroli ikapanda pipa kwa nje, ikafika ukingoni, ikaingia.

Makamu alikuwa hapo, anafunga vifungo vya koti. Aliwauliza wanafunzi kwa nini hawako darasani. Alipoonyeshwa uzi wa petroli aliutazama kwa makini, akasema ni mteremko. Fundi akasema wamekuja wakipanda. Makamu akamgeukia mwalimu wa sayansi, na mwalimu wa sayansi, ambaye nyumba yake pia ilikuwa ya shule, akaeleza kwamba vimiminika vina tabia nyingi, na kwamba nyingine ziko kwenye kitabu cha kidato cha juu. Wanafunzi wakaandika.

Jioni ile fundi aliandika ripoti yake kwa kalamu ya kuazima. Aliandika kwamba nati moja ilikuwa imelegea na ameikaza, na petroli bado inapita. Ugonjwa wa lori hili, akaandika, uko nyumbani kwa Makamu. Mkuu wa Shule aliisoma mara mbili. Kisha Makamu akamkumbusha, kwa upole, aliyeiandika ni shemeji wa nani.

Hivyo wakahitajika mashahidi wasio na undugu na mtu. Ijumaa asubuhi Kidato cha Tatu kiliketishwa kama kwa mtihani, madawati yakiwa yametenganishwa, mikoba nje. Kila mmoja alipewa karatasi aandike alichokiona. Msimamizi wa mtihani alikuwa Makamu.

Matokeo yalikuwa mazuri kupita ya miaka yote. Hakuna aliyeona. Wanafunzi tisa walikuwa wamesimama nyuma ya mwenzao mrefu, na mwenzao mrefu aliandika kwamba alikuwa ameinama. Sita walipigwa na jua machoni, siku ambayo ilikuwa na mawingu. Mmoja aliandika kurasa mbili juu ya faida za maji. Msomaji anaruhusiwa kucheka hapa, kama msimuliaji alivyocheka kila alipolisimulia bwenini, akiiga sauti ya kila mwoga mmojammoja hadi watu wakaanguka vitandani.

Mkuu wa Shule akatoa uamuzi. Ilikubalika kwamba petroli inatembea; mtu yeyote angeweza kwenda kuitazama. Iliyobaki ni kujua nani aliyekuwa mlezi wa lori wakati petroli inajifunza tabia hiyo. Barua ilisema dereva amepatikana na uzembe, na nyumba ikabidhiwe ikiwa imefagiliwa.

Jumatatu mafundi wa ujenzi walikuja wakajenga mfereji mdogo wa saruji kutoka kwenye banda hadi kwenye ngazi saba, ili petroli isiharibu nyasi. Kando yake yalipangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kibao kikasimikwa: USIKANYAGE. Kidato cha Kwanza kilichaguliwa kuufagia. Petroli ilipenda mfereji huo, ikaongeza mwendo.

Siku hiyohiyo Mzee Klachi aliondoka. Mkewe na fundi walikuwa wametangulia na magodoro. Yeye alikuja nyuma, akisukuma mkokoteni wenye kabati, ndoo mbili na kiti kimoja, na getini akamkuta mwanafunzi wa zamu. Mwanafunzi huyo alikuwa amekusanya wadogo wanne, anawasimulia habari za tone, jinsi lilivyozunguka jiwe na jinsi lilivyomsubiri mpishi na toroli. Alikuwa amefika kwenye sauti ya Makamu. Wadogo wakamwona dereva, wakatawanyika.

Mzee akaushusha mkokoteni taratibu.

"Unasimulia vizuri, mwanangu," akasema. "Jiwe umelitia, toroli umelitia. Sasa wewe uliyeona yote hayo, karatasi yako iliandikwaje?"

Msimuliaji alimweleza kwamba taarifa hii ni rasmi, na kwamba katika taarifa rasmi msimuliaji hana karatasi. Mzee Klachi akasubiri. Ana subira ya mtu aliyeishi na injini isiyotaka kuwaka.

"Niliandika kwamba nilikuwa nafunga kamba za viatu, mzee," nikasema.

"Muda wote?"

"Muda wote."

Akatazama miguu yangu. Viatu vyangu ni vya kutumbukiza. Havina kamba.

Basi nikamwambia, na sasa naliandika. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimewachorea masharubu wakuu wa shule wote waliopita, picha kumi na moja za kwenye korido, pamoja na yule ambaye alikuwa mama. Makamu alipogawa karatasi siku ya Ijumaa, yangu ilikuja na bahasha yenye jina la mama yangu. Haikuwa imegundishwa. Ndani yake nilikuwa nimefukuzwa shule, bado sahihi tu. Aliiacha juu ya dawati, akaenda dirishani kutazama kabichi zake. Nilipoweka kalamu chini alirudi, akasoma habari za viatu, akaichukua bahasha akaitia mfukoni. Waliobaki arobaini sijui waliwekewa nini. Niliwacheka wote, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mbele kabisa. Tone lilinipita katikati ya miguu.

"Mama yako angeumia," akasema Mzee Klachi.

"Angeumia sana."

"Mke wangu naye ameumia." Alisema bila hasira, kama mtu anayekueleza usukani unavuta upande gani. Kisha akaushika mkokoteni, akangoja nifungue.

Nikafungua. Getini kuna daftari, na kila anayetoka huandikwa jina, saa na sababu. Makamu hulikagua jioni, na mwandiko wangu anaujua. Niliandika jina la mzee kwa herufi nzuri. Niliandika saa kumi kasoro robo. Kwenye sababu nilikaa na kalamu mpaka mkokoteni ukaishia kwenye kona, halafu nikaandika: shughuli binafsi.